Uzi: Nilivyojifunza kuendesha seva ya barua pepe ya duka la vipuri, Kirinyaga Road

Karani wa Seva

Wadau, hamjambo. Kuna kijana humu aliniuliza kwa ujumbe wa faragha aanzie wapi akitaka kuweka seva ya barua pepe ya ofisi yao. Nilianza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona nilimwage hapa wengine wasome na wanaojua kunishinda wanirekebishe.

Kwanza mjue mimi si injinia. Niliajiriwa karani wa hesabu kwenye duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road, pale ambapo wazee bado wanapaita Grogan. Tuko watu kumi na wanne, wengine dukani, wengine stoo Industrial Area. Siku moja bosi akaletewa bili ya barua pepe, ile ya kulipia kila kikasha kwa dola kila mwezi, akaona shilingi imeanguka tena, akanitazama: "Si wewe ndiye wa kompyuta?" Kosa langu lilikuwa kujua kubadilisha wino wa printa.

Nikaenda Luthuli Avenue nikanunua kompyuta ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 8. Nikaisukuma chini ya meza yangu, nikaweka mfumo endeshi wa Debian, kisha Postfix ya kubeba barua na Dovecot ya kuwafungulia watu vikasha vyao. Mchana mmoja tu. Nikajitumia barua kutoka kikasha changu kwenda cha bosi, ikafika, nikanywa chai nikijiona nimemaliza kazi.

Wiki nzima hakuna barua hata moja iliyotoka nje ya jengo.

Logi, yaani daftari ambamo seva inaandika kila inachofanya, ilikuwa inarudia neno moja, kwamba muda wa kuunganika umekwisha, kila ikijaribu kufikia seva ya mtu kwenye poti 25, mlango ambao seva hupeana barua. Nilibadilisha kila mstari wa faili la mipangilio. Siku ya nne ndipo nikaelewa kwamba Postfix haikuwa na shida yoyote. Intaneti yetu ilikuwa ile ya kawaida ya nyumba na maduka madogo: poti 25 imefungwa kwenda nje, na anwani ya IP yenyewe, ile namba ya mashine kwenye mtandao, si yetu, tunaigawana na wateja wengine wengi nyuma ya ruta moja kubwa ya mtoa huduma. Hata ingefunguliwa isingesaidia. Spamhaus, ambao kazi yao ni kuorodhesha anwani zinazotoa spamu, wana orodha nzima inayoitwa PBL ya anwani za aina hiyo, zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Unakuwa umekataliwa kabla hujafungua mdomo.

Mashine ile leo inahifadhi bakapu. Stima ikipotea inazima, na hakuna anayelia.

---

Kijana wa Umoja

Asante dada, mimi ndiye niliyeuliza. Sasa kwa nini mambo yawe magumu hivi? Nilidhani barua pepe ni kitu cha zamani, kila mtu ameshakielewa.

---

Karani wa Seva

Ndugu yangu, uzee wenyewe ndiyo shida. SMTP, ile lugha ambayo seva zinaongea zikipeana barua, iliandikwa na Jon Postel na kutolewa Agosti 1982 kwenye hati ya kanuni za mtandao iitwayo RFC 821. Wakati huo waliokuwa kwenye mtandao walikuwa vyuo na maabara, karibu wote wanajuana. Hakuna aliyefikiria kuuliza "wewe ni nani hasa?" Ukisema unatoka kwa fulani, unaaminiwa. Vyote vinavyotutesa leo ni viraka vilivyoshonwa juu ya shati lile lile.

Fanya hivi uone mwenyewe. Ingia kwenye seva yako, andika `telnet localhost 25`, kisha ongea nayo kwa mkono. Itakusalimia kwa 220, namba ya kusema iko tayari. Ijibu `EHLO` na jina lako. Halafu `MAIL FROM:` na anwani yoyote, naam, yoyote, hata ya rais. Inajibu 250, yaani sawa. `RCPT TO:` na anwani ya kikasha kilichomo humo. 250 tena. `DATA`, inakuambia 354, yaani endelea, ukimaliza weka nukta peke yake kwenye mstari. Andika salamu zako, piga nukta, bonyeza. Inajibu 250, imepanga kwenye foleni, na namba ya barua.

Mimi nilifanya hivyo saa nne usiku nikiwa peke yangu ofisini, nikamwandikia bosi barua "kutoka" kwake mwenyewe, kwamba ameniongezea mshahara. Ilifika ikiwa na jina lake. Nilicheka, halafu nikaogopa. Tangu siku hiyo sijawahi kuamini jina la mtumaji kwenye barua yoyote.

---

Mtu wa Tanga

Dada umenichekesha na foleni. Huku kwetu foleni ndiyo ya magari, na stima tunaita umeme. Endelea, nimekaa mkekani.

---

Karani wa Seva

Karibu sana. Sisi ya magari tunaita jam, na niliyoyajua kuhusu foleni ya Postfix mengi niliyasoma kwenye simu nikiwa kwenye jam ya Jogoo Road, kwa hiyo ni yale yale.

Basi nikahama. Nikakodi seva ndogo kwa kampuni ya nje yenye anwani ya IP ya kudumu. Hapo pia kuna mtego: nyingi za kampuni hizi hufunga poti 25 kwa mteja mpya mpaka uandike kuomba, ueleze unatuma nini na kwa nani. Niliandika kwa adabu kama ninaomba kazi. Wakafungua baada ya siku mbili. Ushauri wangu: kabla hujalipia mwaka mzima, lipia mwezi mmoja, kisha angalia anwani uliyopewa kwenye orodha nyeusi, kama zile za Spamhaus. Anwani ni kama nyumba ya kupanga, aliyekaa kabla yako huenda aliacha madeni.

Halafu ndiyo DNS, kitabu cha mtandao cha kugeuza majina kuwa namba, na hapa ndipo nilipokesha. Jina letu la mtandaoni ni la .co.ke, tulilichukua kwa wakala aliyesajiliwa na KeNIC, wasimamizi wa majina ya .ke, kwa hiyo rekodi nyingi niliziandika mwenyewe kwenye ukurasa wa wakala. Rekodi ya MX inayoiambia dunia barua zetu ziletwe wapi, sawa, rahisi, ila isielekezwe kwenye namba ya IP, ielekezwe kwenye jina. Lakini kuna rekodi moja, PTR, inayosoma kinyumenyume: kutoka namba ya IP kurudi kwenye jina. Nilihangaika kuitafuta kwa wakala wa .co.ke jioni nzima. Haiko huko! PTR inawekwa na mwenye namba ya IP, yaani kampuni iliyonikodishia seva. Ilikuwa kisanduku kimoja kwenye ukurasa wao, kilichojificha chini kabisa. Jina kwenye PTR lirudi kwenye IP ile ile, na ndilo seva ijitambulishe nalo kwenye `EHLO`. Bila hilo Gmail inakutazama kama mtu aliyekuja hodi usiku bila kitambulisho.

---

Mzee wa Logi

Umesema vizuri binti yangu. Niongeze la SPF, kwa maana nimeona watu wengi wakianguka hapo. SPF ni rekodi ya kusema seva zipi zina ruhusa kutuma kwa jina lako. Iwe moja tu. Wengi hutoka kwenye huduma ya zamani wakaiacha rekodi yake, kisha wakaongeza ya pili. Zikiwa mbili ni kosa, na zote zinahesabika hazipo. Na ndani yake usirundike majina ya huduma kumi na tano, kwa kuwa kuulizia DNS kuna kikomo cha mara kumi.

---

Karani wa Seva

Shikamoo mzee. Mimi nilianguka hapo hapo, rekodi mbili, wiki mbili. Sikutaka kusema.

Yetu sasa ni `v=spf1 mx -all`, yaani seva iliyo kwenye MX tu, wengine wote wakatae, basi. Baada yake ni DKIM, ambayo ni sahihi inayopigwa kwenye kila barua inayotoka. Ufunguo wa siri unakaa kwenye seva, wa wazi unakaa kwenye DNS, anayepokea analinganisha. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255 zinazoruhusiwa kwenye kamba moja ya rekodi ya TXT, kwa hiyo unaukata vipande viwili, kila kimoja na alama zake za kunukuu. Ukurasa wa wakala wetu ulikuwa unakata wenyewe bila kuniambia, na ulikuwa unakata vibaya. Sahihi ikawa inafeli kila siku. Niligundua pale nilipoiuliza DNS kwa amri ya `dig` nikahesabu herufi kwa kidole kwenye skrini, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mwisho DMARC, inayomwambia mpokeaji afanye nini SPF na DKIM zote zikishindwa kuthibitisha jina lililo kwenye barua. Anza na `p=none`, ukae mwezi ukisoma ripoti wanazokutumia. Ripoti zenyewe ni faili za XML zilizobanwa, macho yatauma, lakini humo ndimo nilimogundua printa ya stoo inatuma nakala za hati kwa jina letu kupitia njia nyingine kabisa. Ningekimbilia `p=reject` ningeikata.

Na msidhani haya ni mapambo. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanataka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, pamoja na PTR iliyonyooka, na anayetuma barua nyingi kwenda kwao (Gmail wanahesabu kuanzia karibu 5,000 kwa siku) awe na SPF, DKIM na DMARC zote. Sisi hatufiki hata 200 kwa siku. Lakini usipokuwa nazo unaonekana kama tapeli mdogo.

---

Dada wa Ngong Road

Kwetu seva iko sawa kwa kila kitu, tatizo ni wahasibu kulia kwamba faili halitoki. Faili la MB 8 linakataliwa, na mimi nimeona kikomo ni MB 10. Kichwa kinauma.

---

Karani wa Seva

Dada, kiambatisho hakisafiri jinsi kilivyo. Kinageuzwa kuwa herufi za kawaida kwa njia ya Base64, na kinanenepa kwa theluthi moja na kidogo. MB 8 inakaribia 11 ikiwa njiani. Postfix ukiiacha ilivyo inaishia baiti 10,240,000. Tafuta `message_size_limit` upandishe. Mimi niliweka karibu MB 35, kwa sababu Gmail wenyewe wanaishia viambatisho vya MB 25 na sikuona haja ya kujifanya mkubwa kuliko hao. Orodha za bei zenye picha za shokabsoba sasa zinapita.

---

Kijana wa Umoja

Dada hujasema kilichokutisha zaidi.

---

Karani wa Seva

Viwili. Cha kwanza ni aibu, cha pili ni ujinga.

Jumapili asubuhi, niko kanisani, simu inatetemeka bila kukoma. Nikatoka nje. Kikasha cha postmaster, msimamizi wa barua, kimejaa barua zilizorudishwa, za lugha nisizozijua. Nikaingia kwenye seva kwa simu, nikaandika `mailq` ya kuonyesha foleni, ikateremka kama maji ya Mto Nairobi wakati wa masika. Barua zaidi ya elfu thelathini zinasubiri kutoka. Mtu alikuwa amekisia nenosiri la mmoja wetu. Nenosiri lilikuwa jina la duka na 123.

Nilichofanya vizuri ni kimoja tu: sikufuta. Nilizishikilia zote kwanza kwa `postsuper -h ALL`, kwa maana katikati ya uchafu ule kulikuwa na nukuu za bei za wateja. Kisha nikabadilisha nenosiri, nikachambua taratibu. Nilichofanya vibaya ni kutafuta mchawi. Logi ilionyesha aliingia 20:52. Nikahesabu, saa tatu kasoro usiku, wakati kijana wa stoo alikuwa bado ofisini anafunga hesabu. Jumatatu nikamkalisha nikamhoji kama polisi. Kumbe seva inasoma saa za UTC, na Nairobi iko saa tatu mbele. Kwa saa zetu ilikuwa inakaribia saa sita usiku, kijana wa watu amelala kwake Kayole, na aliyeingia alitoka anwani ya nchi nyingine kabisa. Nilimwomba radhi na kumnunulia chakula cha mchana. Bado ananitania: "Madam, saa ngapi sasa, za kwako au za seva?"

Anwani yetu ikaingia orodha nyeusi. Kuomba kutolewa kulichukua siku chache, na siku hizo bosi alituma nukuu kwa WhatsApp. Tangu hapo fail2ban inawafungia wanaokisia maneno ya siri, na nimeweka kwenye Rspamd, kichujio chetu cha spamu, kikomo cha barua kwa kila mtumiaji kwa saa. Karani wa kawaida hawezi kutuma barua 60 kwa saa. Anayetuma si karani.

---

Wakili wa Mtaa

Hapo kuna sheria pia, dada. Kama kwenye vikasha vile kulikuwa na nakala za vitambulisho na PIN za KRA za wateja, na mtu amezifikia, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue, pale panapokuwa na hatari ya kweli ya madhara.

---

Karani wa Seva

Kweli wakili. Logi zilionyesha waliingia kwa njia ya kutuma tu, kikasha chenyewe hawakukifungua, lakini jibu hilo lilinichukua siku nzima kulipata, na siku hiyo sikula. Sasa logi nazihifadhi mahali pengine kando ya seva.

Ujinga nao ni huu. Nilisoma mahali kwamba ukitaka kuzuia spamu ongeza mstari mmoja wa kuiuliza Spamhaus kila anayebisha. Nikaongeza. Spamu ikaisha kabisa. Nikajisifu mbele ya bosi. Siku ya pili mchana akauliza kwa nini hata wateja wameisha.

Seva yangu ilikuwa inatumia DNS ya umma, 8.8.8.8. Spamhaus hawajibu maswali yanayopitia huko. Wanarudisha namba ya pekee, 127.255.255.254, maana yake "umekuja kwa njia tusiyoikubali." Postfix yangu ikaona jibu, jibu lolote, ikalisoma kama "huyu yumo kwenye orodha." Ikawa inamfukuza kila mtu duniani. Dawa ni mbili na uziweke zote: weka kwenye seva yako Unbound, programu ya kuulizia DNS bila kupitia ile ya umma, na kwenye ule mstari taja majibu unayoyakubali, `zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]`. Waliofukuzwa siku ile walirudishiwa kosa la 5xx, yaani kukataliwa kabisa, kwa hiyo seva zao hazikujaribu tena. Niliwapigia mmoja mmoja.

---

Mtu wa Tanga

Kwa maelezo haya dada, si bora mtu alipie huduma alale?

---

Karani wa Seva

Kwa wengi, ndiyo. Duka la watu watatu, kanisa, chama, lipieni mlale. Mimi nimebaki kwa sababu watu kumi na wanne kwa dola za kila mwezi zilikuwa zinauma kuliko seva moja, na kusema kweli, kwa sababu nimeipenda. Ila bosi akidhani ni bure nitamkumbusha Jumapili zangu.

Kuna njia ya katikati ambayo watu hawaisemi: vikasha ukae navyo mwenyewe, lakini barua zinazotoka uzipitishe kwa huduma ya kutuma, kwa mstari wa `relayhost` kwenye Postfix. Sifa ya anwani inakuwa kazi yao. Ningeijua mapema ningeanzia hapo.

Na mzee wa Logi asije akanikumbusha: cheti cha Let's Encrypt, kile cha kufanya mawasiliano na seva yawe ya siri, kinadumu siku 90, kinajihuisha chenyewe, lakini Dovecot itaendelea kuonyesha cha zamani mpaka uiambie isome upya. Weka amri ya kusoma upya ndani ya kazi ile ile ya kuhuisha. Msiniulize nilijuaje.

---

Kijana wa Umoja

Dada, nimekodi seva jana, nimeweka PTR, SPF moja tu, DKIM nimekata vipande viwili. Nimetuma barua kwa ile anwani ya majaribio uliyonipa faraghani. Imekwama! Logi inasema 450, nimekataliwa.

---

Karani wa Seva

Soma namba ya kwanza. Ya 5 ni kukataliwa. Ya 4 ni "rudi baadaye". Nina postgrey mlangoni: mgeni wa mara ya kwanza namwambia asubiri sekunde 300. Programu nyingi za spamu hazina subira, hazirudi. Seva ya kweli inaweka barua kwenye foleni na kujaribu tena. Usiguse kitu. Usianzishe Postfix upya. Kaa.

---

Kijana wa Umoja

Dakika nne.

---

Mtu wa Tanga

Mwacheni kijana anywe maji.

---

Kijana wa Umoja

250! Imeandika `status=sent`! Dada angalia!

---

Karani wa Seva

Nimeiona. Imeingia kikashani, DKIM imepita. Umeandika "hallo test" na kichwa cha barua umekiacha wazi. Tuma nyingine, ya maana.